Matumbo ya Ukoo

Samah hakuwa mtu wa kuona kinyaa. Angeona kinyaa angekula wapi? Kila siku ya Mungu, katika kliniki ya meno kule Nizwa, Omani, watu walimfunulia vinywa vyao naye akainama juu yao, akakamua usaha, akang'oa magego yaliyooza, kisha akanawa mikono na kwenda kula wali wake kwa raha zake. Hata na Adham walikutana hivyo hivyo. Alikuja ameshika shavu, ufizi umevimba, na kila akifungua kinywa alijifunika kwa aibu ya harufu.

"Usinitake radhi," Samah alimwambia siku ile. "Fungua tu."

Akafungua. Jino likapona, na mapenzi yakaanza pale pale kwenye kile kiti, wakati nusu ya uso wa mwanamume bado imekufa ganzi na tabasamu lake linakwenda upande mmoja. Tabasamu hilo la upande ndilo lililommaliza Samah.

Lakini mapenzi ni ya watu wawili, na ndoa ni ya ukoo mzima. Bi Fawziya, mama yake Adham, alikuwa amegoma kwenda kuposa. Hakusema hapana, maana hapana ingejibiwa. Alisema tu, kila alipoulizwa, "Kurudi Omani kutoka Unguja tumerudi sote. Lakini kila mtu alitoka na asili yake. Hawa asili yao nani anaijua?" Na hapo posa ikalala. Samah alikuwa amekwisha kuwakataa wengine wawili kwa ajili ya Adham, na mama yake mzazi, Bi Mahfoudha, alikuwa ameanza kumtazama kwa jicho la huruma ambalo lilimkera kuliko matusi.

Basi Ijumaa ile Adham alipopiga simu asubuhi, moyo ulimruka.

"Mama anakuita."

"Ananiita mie?"

"Wewe, wallahi. Kasema kwa ulimi wake, mwite Samah. Kuna mgeni kaja kutoka Uskoti, mtu wa ukoo wetu. Anataka uwepo. Njoo mapema, kabla ya sala."

Habari ya Uskoti si siri. Babu yake Bi Fawziya, mzaa mama yake, alikuwa Mskoti, fundi wa mashine za meli aliyefika Unguja akasilimu na kubaki. Jina lake lilikuwa Andrew, na la ukoo MacCorran, ambalo Waunguja wakalitamka Makorani. Kwa miaka mingi nyumba ile haikulitaja sana jina hilo. Kisha Adham akapelekwa Aberdeen kwa mafunzo ya kazi ya mafuta, akawakuta watu wa ukoo wake wakikusanyika kutoka Kanada, Nyuzilandi na kwingineko, kila mtu amejifunga kitambaa cha miraba ya kijani na nyekundu. Alirudi na kitambaa chake. Toka hapo Bi Fawziya akawa hamalizi kikombe cha kahawa bila ya kukutajia kwamba yeye ni mjukuu wa watu wenye ngome.

Samah alivaa nguo yake ya hariri ya rangi ya zambarau, akajifukiza udi, akachukua sinia ya halwa aliyoiagiza Nizwa, akaendesha gari mwenyewe hadi upande wa pili wa mji wao wa Ibra. Njiani alikuwa akijifunza sura ya kuingilia. Asicheke sana. Asinyamaze sana.

Bi Fawziya mwenyewe alimfungulia mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umependeza, mashallah." Akaipokea ile halwa, akaiweka juu ya friji bila ya kuitazama. "Vua hiyo baibui yako nzuri isije ikaharibika. Twende huku."

Huku kulikuwa ni jiko la nje. Juu ya meza ya saruji palikuwa na karai la plastiki, na ndani ya karai tumbo zima la kondoo, bado na majani aliyokula asubuhi, pamoja na ini, moyo na mapafu. Nzi walikwisha kuitwa karamuni. Bi Fawziya alijiziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Huyu mgeni, Bi Ailsa, ndiye mkubwa wa ukoo wetu," alisema. "Kila anakokwenda kuwatembelea watoto wa ukoo, wanakula naye chakula chao. Hagisi. Matumbo yaliyojazwa. Adham kanipa namna ya kupika. Mpishi wangu kayatazama akasema yeye kazi yake biriani. Nikakumbuka, bibi yako Shukriya si alikuwa mashuhuri kwa supu ya matumbo? Nikasema, mjukuu hakosi kujua."

Samah alitazama karai. Kisha akautazama mlango wa ndani, ulikokuwa unatoka moshi wa ubani na vicheko.

"Najua, mama," alisema.

"Maana sisi kwetu hatuyajui. Toka Unguja, matumbo hayajapatapo kuingia mezani kwetu, hasha. Yalikuwa ya watu wa jikoni." Akampa aproni. "Kubwa, tumbo lisije likapasuka, tafadhali. Bi Badria yupo, ndugu wa marehemu mume wangu, katoka Al Hamra kuja kumwona mgeni. Sitaki fedheha."

Mwingine angeondoka. Lakini mwanamke anayependa ana ujinga wake maalumu, na Samah alijiambia kwamba huu ni mtihani, kwamba mama wakwe wote wana vituko, kwamba mlango ni mlango hata ukiwa wa jikoni. Akakunja mikono ya hariri.

Akamwaga yale majani, akaliosha tumbo mara nyingi, akalimwagia maji ya moto na kulikwangua kwa kisu mpaka ile ngozi nyeusi ikatoka, akalisugua kwa chumvi na ndimu. Alifanya kama alivyofundishwa na bibi yake. Na bibi yake alifundishwa na nani? Hili ndilo lililokuwa likimchezea kichwani huku akikwangua. Bibi Shukriya, alipokuwa kigori pale Mkunazini, Unguja, alifundishwa na jirani yao mtu mzima aitwaye Mabruka. Na huyo Mabruka alikuwa mpishi wa Makorani kabla hajawa mke wake. Ni yeye aliyemzaa mama yake Bi Fawziya. Waunguja wote wa umri ule wanajua, na wote wamenyamaza, maana mtu kusitiriwa ni haki yake.

"Si letu la kusema," Bibi Shukriya alimwonya. "Mwenyewe akitaka atasema."

Samah alimwambia mtu mmoja tu. Alimwambia Adham, siku waliyokwenda kijiji cha Misfat al Abriyeen na ndugu zake wa kike, wao wawili wakabaki nyuma kwenye ngazi za mawe, miguu yao ndani ya maji ya falaj, mfereji wa mashamba. Adham hakushtuka hata kidogo.

"Najua, habibti. Mama kanikataza kusema tu." Akamtazama kwa lile tabasamu la upande. "Siku tukioana, mtoto wetu wa kwanza wa kike tutamwita Mabruka. Nakuapia."

Kwa ajili ya kiapo kile Samah alikata ini vipande vidogo vidogo, akachanganya na oti, ile nafaka ya Kizungu, na vitunguu, shahamu na pilipili manga, akalijaza tumbo, akalishona kwa uzi. Kushona alijua, ni kazi yake. Sufuria ilipochemka jiko zima lilinuka zizi. Wala hakuona kinyaa. Alikuwa akijiona bibi harusi.

Adham alichungulia mara moja tu. Samah akamtazama toka juu hadi chini, akashindwa kujizuia. Alikuwa amevaa sketi ya kile kitambaa cha ukoo, kama wanaume wa Kiskoti, na kwa sababu magoti ya mwanamume ni uchi, chini yake alikuwa amevaa suruali nyeupe mpaka kwenye vifundo.

"Usicheke," alisema, na yeye mwenyewe akicheka. "Bi Ailsa kafurahi. Uko tayari?"

"Bado kidogo. Adham, n'takula na nyinyi?"

Akageuza macho kwenye sufuria. "Mama anapanga mambo yake. Nivumilie leo tu, Samah. Leo tu."

Akaondoka upesi. Samah alibaki ameshika mwiko, kisha akaifunika tena sufuria.

Walipomaliza kusali, mfanyakazi wa nyumba akaja kuchukua sahani. Samah alimfuata hadi mlangoni akasimama nyuma ya pazia la majlisi, sebule ya wageni. Bi Ailsa alikuwa mwanamke mrefu, mzee, mwenye nywele nyeupe na mkongojo, shali ya miraba mabegani. Kushoto kwake Bi Badria, amekaa wima na dhahabu zake, mwanamke ambaye Bi Fawziya alimwogopa kuliko daktari. Adham akasimama. Desturi yao wale ni tumbo kupasuliwa kwa kisu mbele ya wote, naye hakuwa na kisu cha Kiskoti, basi akachomoa khanjari ya marehemu baba yake.

"Astaghfirullah!" Bi Badria aliruka. "Khanjari ya ndugu yangu kwenye matumbo?"

"Ni mila, shangazi," Adham alisema kwa Kiarabu. "Mila za wakubwa."

Akalichoma. Mvuke ukatoka, na harufu. Bi Fawziya, ambaye kwao matumbo hayakupata kuingia mezani, akachota kijiko kizima mbele ya mgeni, akala, akasema kwa Kiingereza chake kidogo kwamba ni tamu sana. Akachota tena. Samah alimtazama akitafuna na kulamba kidole. Kumbe matumbo yakija na ndege yanakuwa asili. Yakitoka jikoni kwa Bibi Shukriya ni uchafu.

Bi Ailsa alionja. Akaweka kijiko chini. Machozi yalimlengalenga.

"Nani kapika hii?" aliuliza kwa Kiingereza.

Bi Fawziya alilielewa hilo. "Mpishi," alimwambia mwanawe. "Mwambie mpishi wetu."

Samah alisubiri. Sema, Adham. Sema jina langu tu, basi.

"Ni mpishi wetu," Adham alisema.

"Mwiteni aje akae nasi," akasema Bi Ailsa. "Sikilizeni, nimesafiri mbali kwa ajili ya jambo moja, na mpishi anahusika. Adham, mwanangu, nitafsirie vizuri kwa mama yako na kwa huyu bibi." Akaushika mkongojo kwa mikono miwili. "Andrew aliandika nyumbani kwamba amemwoa mwanamke aliyekuwa akimpikia. Alimtaja jina, Mabruka. Alisema hajapata kuona mwanamke mwenye heshima kama yeye. Na sisi tulifanya nini? Mama yake akaamuru jina la Andrew lisitajwe tena. Tulimkata kama tawi bovu, kwa sababu ya mpishi mweusi. Mimi nimekulia kwenye aibu hiyo bila ya kuijua. Nimekuja kuwaomba radhi watoto wa Mabruka. Nimekuja kwa ajili yake, si kwa ajili ya Andrew."

Bi Fawziya alikuwa amelisikia lile jina katikati ya Kiingereza, na uso wake ulikuwa umekwisha rangi. Bi Badria akamgeukia Adham. "Anasema nini huyu?"

Samah alimwona Adham akimtazama mama yake, kisha shangazi yake, na alijua, kabla hajafungua kinywa, alijua.

"Anasema," Adham alianza kwa Kiarabu safi, bila ya kutetemeka, "kwamba babu yetu Andrew alioa binti wa nyumba kubwa ya Kiarabu pale Unguja. Na kwamba wakubwa wa Uskoti waliona fahari kupata nasaba hiyo. Amekuja kutoa shukrani."

"Mashallah," akasema Bi Badria, akatua kwenye mto wake.

Bi Ailsa alikuwa akiwatazama usoni mmoja mmoja, akitafuta msamaha, na akaonyeshwa tabasamu. Maskini akatabasamu pia. "Je, yupo mtu hai aliyemjua Mabruka?" aliuliza.

"Hapana," Adham alijibu. "Wote wamekwisha kufa."

Ijumaa iliyopita tu Adham alikuwa amekaa miguuni mwa Bibi Shukriya, akinywa kahawa yake na kumwita bibi.

Hapo ndipo kinyaa kilipomjia Samah. Kilianzia kwenye nyayo kikapanda mpaka kooni, na ilibidi ajizibe kinywa kwa kiganja asitapike palepale kwenye zulia. Usaha hakuuonea, zizi hakulionea, lakini ule ulimi uliogeuza maneno ya kikongwe mbele ya macho yake, kwa ufasaha namna ile, aliuona unateleza kama kitu kilicholala kwenye karai. Akavua aproni. Akafungua pazia.

"Yupo," alisema kwa Kiingereza. "Bibi yangu yuko hai. Mabruka ndiye aliyemfundisha kukwangua matumbo, na yeye kanifundisha mimi. Mimi ni Samah. Ni daktari wa meno. Leo tu ndiyo nimekuwa mpishi."

Bi Ailsa aliinuka. Alimtazama Samah, akamtazama Adham, na mzee yule hakuwa mjinga. "Anakaa mbali?"

"Hapa hapa Ibra."

"Kasema nini?" Bi Fawziya alidakia kwa Kiswahili, sauti imekauka. "Samah, umemwambia nini mgeni wangu?"

"Muulize mwanao, mama. Yeye ndiye mkalimani."

Samah angeweza kuligeuza kwa Kiarabu jambo lote la Bi Ailsa, neno kwa neno, Bi Badria akasikia. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Alimwona Bi Fawziya ameukunja mtandio kwenye ngumi, mtu mzima anayeomba kwa macho, na akakumbuka sauti ya bibi yake. Akaliacha. Lakini alipopita jikoni alichukua baibui yake, akaichukua na sinia yake ya halwa juu ya friji. Haikuwa imefunguliwa.

Adham alimkuta kwenye gari, Bi Ailsa amekwisha kukaa kiti cha mbele, tayari kwenda kwa Bibi Shukriya.

"Samah, sikiliza. Wallahi ningekueleza. Ningesema kweli mbele ya shangazi, ile posa ingekufa kabisa. Nimelifanya hili kwa ajili yetu."

"Kwa ajili yetu."

"Mama alikuwa ameanza kulainika! Kakuita nyumbani, si kakuita? Mwezi mmoja tu, wangekuzoea, na mie ningewaambia polepole."

"Ungewaambia kwamba mpishi wao ni mchumba wako?"

"Nakupenda. Unajua nakupenda."

Alimsogelea, na Samah akauona uso ule aliokuwa akilala nao na kuamka nao mawazoni. Bado ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba bado ulikuwa mzuri, na kwamba mkono wake mwenyewe bado ulitaka kuugusa.

"Ulisema tutamwita Mabruka," alisema. "Unakumbuka? Miguu yetu ndani ya maji."

Adham akainamisha kichwa.

"Leo umemzika, Adham. Na bibi yangu ukamzika naye, mzima, anakungoja na kahawa."

"Nisamehe. Nitazame basi. Samah, nitazame."

Alimtazama, kwenye kinywa. Alikijua kila jino humo. Aliyasafisha mwenyewe, akayaziba, akayapigania lile moja lising'olewe.

"Ulipokuja kwangu jino lako limeoza," alisema taratibu, "wengine wote kliniki walijiziba pua. Mie sikuona kinyaa. Leo meno yako yote mazima, na siwezi kukitazama kinywa chako."

Akaingia garini, akafunga mlango. Kwenye kioo alimwona amesimama getini na sketi yake juu ya suruali, upepo unaipepea, na nyuma yake mama yake akimwita kwa jina. Hakugeuka kumjibu mama yake. Wala hakulifuata gari.

Hawakufika mbali kabla ya machozi kumziba macho Samah. Akaegesha kando ya barabara ya Sur na kulia kwa sauti, bila ya haya, mbele ya mgeni aliyemjua mchana huo huo. Bi Ailsa alifungua sinia ya halwa iliyokuwa mapajani mwake, akachota kwa kidole, akala, kisha akakunja shali yake ya ukoo na kumpa ajifute.

"Nitaichafua," Samah alisema. "Mikono yangu inanuka matumbo."

Kikongwe aliuchukua mkono ule wa kulia, akauweka shavuni pake, akaushikilia hapo.

"Na wa Mabruka ulinuka hivi hivi," alisema. "Endesha, mwanangu. Bibi yako anangoja."